Saa Moja Kabla ya Kisu

Kizibo cha chupa ya chai kililia kwenye giza. Kwii. Kikanyamaza, kikalia tena, kama panya aliyekanyagwa mkia.

Edina alifumbua macho. Ilikuwa alfajiri na umeme ulikuwa haujarudi. Pembeni yake Jonas, mwanawe wa miaka miwili, alikuwa amelala kifudifudi, makalio juu, kidole mdomoni. Alimfunika mgongo, akatoka taratibu mpaka jikoni. Mama mkwe wake, Bibi Séverine, mzaliwa wa Katumba, alikuwa anapigana na kizibo kwa mwanga wa simu.

"Hiyo chupa si tulisema tuitupe, mama?"

"Chupa haitupwi kwa ajili ya kizibo, mwana wanje, mwanangu."

"Shida sio kizibo. Kioo cha ndani kimepasuka. Chai ya sasa hivi ikifika saa sita ni maji ya kunawa."

"Basi uinywe mapema. Nani alikudanganya kwamba chai itakusubiri umalize shughuli zako?"

Edina alicheka kimya kimya, asimwamshe mtoto. Aliitia chupa kwenye mkoba pamoja na daftari lake jekundu, akavaa sare, akaondoka kabla mapambazuko hayajafika kwenye mabati.

Ilikuwa Jumatano. Kesho yake msichana wa miaka sita aliyeitwa Minza alitakiwa kuingia thieta kupasuliwa utumbo. Edina alikuwa amebakiza siku moja tu kujua kwa nini wagonjwa wa utumbo wanaoza vidonda.

Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Afra ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mpanda, na Edina ndiye aliyekuwa muuguzi wake wa kuzuia maambukizi. Cheo hicho hakikuwepo kabla yake. Kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu wamenawa saa ngapi na kwa sabuni gani, wodini walimwita Afande. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya magongo ya kutembelea. Mawili yalikuwa bado yamo, yamesimama kona kama walinzi.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi kumi na moja, kila moja mgonjwa mmoja aliyepasuliwa utumbo tangu mwezi wa pili kwa kazi ya kupangwa, sio ya dharura. Tano zilikuwa na alama ya kijani. Sita zilikuwa na alama nyekundu, na hadithi yao ilikuwa moja: siku ya nne harufu, siku ya tano usaha, siku ya saba nyuzi zinaachia. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alilala wodini wiki saba, akarudi kwake mtoto wake mchanga hamjui.

Daktari Nashon, mpasuaji mkuu, alifungua mlango bila kubisha.

"Afande. Mtu amepatikana?"

"Natafuta kitu, daktari. Sio mtu."

"Mimi mtu nimempata. Angalia hizo karatasi zako. Walioanza kupasuliwa asubuhi ni wangapi?"

"Wanne. Wote kijani."

"Mchana?"

"Saba. Sita nyekundu."

"Na anayedeki thieta mchana, kati ya mgonjwa na mgonjwa, ni nani?"

Edina alizitazama tena karatasi zake. Kawaida ya thieta yao ilikuwa kazi safi kutangulia, matezi ya shingo na ngiri, na utumbo kuwekwa mwisho kwa kuwa utumbo una uchafu wake. Ni siku zisizo na kazi safi tu ndipo utumbo ulianza saa mbili asubuhi.

"Lucia," alisema.

"Hesabu yako mwenyewe ndiyo imemtaja."

"Hesabu imetaja mchana. Lucia haijamtaja."

Daktari alikaa kwenye kona ya meza. Alikuwa mtu mrefu, na ile stoo ilimfanya aonekane amekunjwa.

"Nimeshamsimamisha tangu Jumatatu. Leo saa kumi jioni nasaini barua ya kumwachisha. Na kama huna jibu lingine, yule mtoto namrudisha kwao Kabungu na mfuko wake wa tumboni. Siwezi kumkata mtoto nikijua ataoza."

"Nipe mpaka hiyo saa kumi."

"Saa kumi, Afande. Sio saa kumi na dakika."

Minza alikuwa ukumbini na baba yake, Maduhu, mfugaji aliyehamia Kabungu na ng'ombe zake miaka tisa iliyopita. Mtoto alizaliwa na utumbo usiosukuma. Akiwa na wiki mbili walimtolea utumbo ubavuni, na tangu hapo haja yake ilipita kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Mwanza walikuwa wameshamtengeneza huko chini, kilichobaki ni kurudisha utumbo ndani na kufunga. Shule ilimpokea siku tatu. Ya nne alirudi nyumbani mwenyewe, akamwambia mama yake wenzake wanaziba pua.

"Mayu sista," Maduhu alisimama, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Kesho ipo?"

"Nitakwambia jioni, baba."

"Nimeuza dume kuja hapa. Sikulaumu, nakwambia tu ujue."

Minza alikuwa anamtazama Edina kiunoni, kwenye saa ya kuning'iniza.

"Hiyo saa inasema ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili kasoro."

"Mimi najua kuhesabu mpaka mia."

"Basi kesho tutakuhitaji," Edina alisema, akaenda zake kabla hajaahidi zaidi.

Alianza na stoo ya dawa. Dionizi, mtunza dawa, alikuwa nyuma ya dirisha lenye nondo, miwani imeshuka puani.

"Ukija na daftari jekundu mwili unanisisimka. Leo nakamatwa kwa kosa gani?"

"Nionyeshe sefazolini."

Sefazolini na metronidazo zilikuwa dawa mbili za kinga. Kila mgonjwa wa utumbo alitakiwa kuzipata kabla hajakatwa, ili wadudu wa utumboni wakimwagika wakute damu imeshajipanga. Edina alikuwa ameshasikia minong'ono: dawa za Dionizi zimekaa kwenye joto, dawa za Dionizi ni chaki. Aligeuza boksi moja baada ya jingine. Alisoma tarehe za kuisha. Alisoma karatasi ya joto la chumba, siku baada ya siku. Hakuna siku iliyorukwa, hata Pasaka.

"Namba ya toleo unaandika wapi?"

"Hapa. Na muuguzi anaiandika tena kwenye faili. Ulitufundisha mwenyewe, umesahau?"

Edina alifungua nakala za mafaili. Mama wa wiki saba: toleo linaloishia na 46. Alitafuta 46 nyingine. Kijana mmoja wa Kasokola, utumbo uliojisokota ukanyooshwa, akarudishwa kupasuliwa kwa kupangwa. Toleo 46 pia, boksi hilo hilo. Alikatwa saa mbili na nusu asubuhi, akapona kama aliyechomwa mwiba.

"Dawa ni ile ile," alisema. "Mmoja kaoza, mmoja kapona."

"Kwa hiyo niko huru?"

"Uko huru."

"Niandikie," Dionizi alisema. "Jumapili kanisani kuna mtu nataka nimwonyeshe."

Saa tatu na nusu alikuwa kwenye bodaboda kuelekea Kasokola. Lucia alikuwa uani kwake, ameketi kwenye mkeka, anabangua karanga. Hakunyanyuka. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kilemba kimefungwa kama cha kwenda kazini.

"Karibu, Mama Jonas. Umekuja kama wewe au kama Afande?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kama wote wawili."

"Marahaba. Basi mmoja abangue karanga, mwingine aulize."

Edina alikaa, akachukua konzi ya karanga.

"Niambie unavyodeki. Kuanzia mgonjwa anapotoka."

Lucia alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. Kisha akaeleza, bila haraka. Shuka kwanza, zinakunjwa ndani kwa ndani, hazikung'utwi. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya klorini, tambara la moja haliingii nyingine. Meza kuanzia juu kushuka chini. Taa. Magurudumu ya meza, ambayo watu wanayasahau. Sakafu kuanzia kona ya mbali, ukirudi nyuma, mpaka unatokea mlangoni bila kukanyaga ulipopita. Dakika ishirini na tano, hata daktari akipiga kelele.

"Anapiga kelele?"

"Wote wanapiga. Mimi nawaambia mngojee, mtaingia pakikauka. Miaka kumi na tisa, Mama Jonas. Ile sakafu ungeweza kusongea ugali juu yake." Alirusha ganda. "Juzi sokoni kuna mtu kaniita mama vidonda. Mbele ya mjukuu wangu."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia akipasuliwa aombe nideki mimi."

Waliendelea kubangua. Edina aliandika neno moja moja. Hakupata pa kushika, ile kazi ilikuwa nzuri kuliko alivyoifundisha yeye.

"Mimi nina swali," Lucia alisema. "Ninyi mnasema wangu wote wameoza. Yule mzee wa Ikola je?"

"Mzee yupi?"

"Zefania. Mwezi wa tano. Alipasuliwa saa nane mchana, wa mwisho kabisa, baada ya watu wawili. Hakuna aliyechelewa kama yeye. Nilideki mimi. Mbona hakuoza? Alinitumia dagaa kilo mbili kwa gari la abiria. Mtu aliyeoza hatumi dagaa."

Edina aliacha karanga. Karatasi ya kijani ya tano. Kwenye hesabu yake alikuwa ameiandikia neno "bahati" na kuendelea na mengine.

"Una namba yake?"

"Ninayo. Lakini ongea kwa sauti, ufukweni kuna kelele."

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, nyuma kulikuwa na wanawake wanacheka na injini ya boti inakohoa.

"Mzee Zefania, shikamoo. Mimi ni Sista Edina wa Mtakatifu Afra. Naulizia kidonda chako."

"Kidonda gani tena? Nilishakisahau. Hapa naanua dagaa, wingu linakuja."

"Dakika mbili tu, mzee. Usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa ulilala wodini?"

"Ningelala vipi? Gari lilizama kwenye tope, tukalala njiani. Nimefika hospitali saa tano, wananipokea mbio mbio, wananivalisha lile gauni la kufungukia nyuma. Aibu tupu."

"Sindano ulichomwa wapi?"

"Mkononi."

"Namaanisha chumba gani."

"Aa. Kule kule ndani, nimeshalala mezani. Yule mtu wa usingizi alifoka. Akasema huyu hajachomwa kinga asubuhi, mnaniletea mtu mkavu. Akanichoma mwenyewe. Akaangalia saa ya ukutani, wakasubiri wakipiga soga za mpira. Basi, ndiyo nikalala."

"Ahsante, mzee."

"Msalimie Lucia. Mwambie dagaa wa safari hii ni wakubwa."

Lucia alikuwa amesikia yote. Alikusanya maganda kwenye ungo, akayapepeta, karanga zikabaki.

Njiani kurudi Edina alipanga mambo kwa vidole, upepo wa bodaboda ukimpiga usoni. Zefania alikuwa na kila walichokuwa nacho wale sita. Thieta ile ile, mchana ule ule, kisu kile kile, sakafu ya Lucia. Kitu kimoja tu kilitofautiana. Wale sita walichomwa wodini. Yeye alichomwa mezani.

Aliyekuwa anachoma wodini ni Method, muuguzi wa zamu ya asubuhi, kijana mwangalifu, kalamu tatu mfukoni. Edina alimkuta anakunja mashuka.

"Kaka Method, sindano ya kinga unampa mgonjwa saa ngapi?"

"Saa moja."

"Saa moja kabla ya kukatwa."

"Ndiyo, sista. Saa moja."

"Hujawahi kuruka?"

"Mimi? Angalia mafaili. Hata siku niliyofiwa na shangazi nilichoma kwanza, ndiyo nikaondoka."

Alisema kweli. Mafaili yalikuwa yamejazwa yote, mwandiko mzuri. Edina alimshukuru, akafika mlangoni. Hapo akasimama. Alirudi, akafungua faili la mama wa wiki saba, akaweka kidole.

"Hapa umeandika saa 1:00. Dawa imetolewa."

"Ndiyo."

"Huyu alikatwa saa ngapi?"

"Hiyo mie sijui, ni mambo ya thieta."

"Saa saba na robo." Aligeuza faili jingine. "Huyu umemchoma saa 1:05. Alikatwa saa sita na nusu. Huyu, saa 1:00. Alikatwa saa nane kasoro." Alifunga mafaili. "Method, ukisema saa moja, unasema saa moja ipi?"

Kijana alimtazama asielewe swali.

"Kuna saa moja ngapi, sista? Saa moja asubuhi. Nikiingia zamu tu, naanza na sindano za kinga kwa wote wa siku hiyo. Ndivyo tangazo linavyosema."

"Tangazo gani?"

"Lile lako."

Lilikuwa ukutani juu ya meza ya dawa, limewekwa plastiki, gundi imeshaanza kuwa ya njano. Mwezi wa kwanza Edina alikuwa amerudi kutoka semina Dodoma na karatasi ya Kiingereza iliyosema dakika sitini. Zamani dawa ilikuwa inatolewa thieta na mara nyingine ilisahaulika. Yeye ndiye aliyependekeza ihamie wodini, na aliandika tangazo kwa Kiswahili, kila mtu aelewe bila kuomba tafsiri. Alijivunia lile tangazo. Alilipeleka stesheneri mjini, likachapwa kwa herufi kubwa, na kwa kuwa herufi zilikuwa kubwa, mstari ulikatika katikati:

SINDANO YA KINGA NI SAA MOJA
KABLA YA KISU

Chini yake, sahihi: E. Manyanda.

Edina alilisoma kwa sauti kama alivyoliandika. Kisha akalisoma kama alivyolisoma Method, akipumzika mwisho wa mstari wa kwanza. Yalikuwa matangazo mawili.

Hakuamini mtu mmoja. Aliwaita wauguzi wanne waliokuwa zamu, mmoja mmoja, akawauliza jambo hilo hilo: kesho kuna wagonjwa watatu, wa kwanza saa mbili, wa pili saa nne, wa tatu saa sita, kwa tangazo hili, kila mmoja anachomwa saa ngapi? Watatu walijibu bila kufikiri: wote saa moja. Wa nne alijikuna kichwa, akasema nafikiri inategemea, lakini mimi nafuata Method anavyofanya.

Bado kulikuwa na kitu kimoja. Kabla ya kisu, thieta ilikuwa na orodha ya maswali, na swali la kinga lilikuwemo. Ilikuwaje hakuna aliyeshtuka? Edina aliteremka mpaka mlango wa thieta, akamkuta mtu wa usingizi anakunja mipira yake ya hewa.

"Mnauliza vipi kuhusu kinga?"

"Daktari anauliza, 'Kinga, saa moja?' Anayeleta mgonjwa anajibu, 'Saa moja.' Tunaweka vema."

"Kila mara?"

"Kila mara. Isipokuwa yule mzee wa Ikola. Yule waliniambia hajachomwa kabisa."

Edina aliandika. Aliyeuliza alimaanisha muda. Aliyejibu alimaanisha saa ya ukutani. Miezi mitano wamepeana mikono kwa neno moja.

Saa kumi kasoro dakika tano alibisha ofisini kwa Daktari Nashon. Barua ya Lucia ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Edina hakukaa. Alitoa chupa ya chai kwenye mkoba, akavuta kizibo kikalia kwii, akamimina kikombe.

"Sikukuita kwa chai, Afande."

"Onja tu."

Daktari alionja, akakunja uso. "Ya lini hii?"

"Ya leo alfajiri. Ilikuwa inachoma ulimi. Kioo kimepasuka, inapoa kila saa inayopita." Aliweka mafaili sita mbele yake. "Hii ndiyo dawa waliyokuwa nayo hawa sita kwenye damu wakati unawakata. Walichomwa saa moja asubuhi. Wewe ukafika saa saba mchana. Sefazolini imeshakojolewa. Wale wa asubuhi walipona kwa sababu kisu kiliikuta bado ya moto."

Alimweleza yote kwa mpangilio: boksi la Dionizi, ndoo mbili za Lucia na karanga zake, mzee Zefania mezani, majibu ya wauguzi wanne, maswali ya thieta. Alipofika kwenye tangazo aliliweka lenyewe, na plastiki yake, juu ya barua. Alikuwa amelibandua kwa mkono wake.

Daktari Nashon alilisoma mara mbili.

"Nani aliandika hii?"

"Sahihi iko hapo chini. Kama kuna barua ya kusaini leo, iandike jina langu, sio la Lucia."

Feni ilikuwa inazunguka. Nje mtu aliburuta kitanda chenye gurudumu bovu.

"Miezi mitano," daktari alisema, "nimesimama na kisu mkononi, nauliza 'saa moja?', najibiwa 'saa moja', nashika ngozi nakata. Mimi mwenyewe, na digrii zangu mbili." Alichukua barua, akaichana mara moja, akaweka vipande pamoja, akachana tena. "Hii imeisha. Ya kwako sina muda wa kuiandika, kesho nina mtoto wa kupasua. Nataka tangazo jipya kabla sijaondoka. Na Lucia nitamfuata mwenyewe. Ana karanga?"

"Anazo, daktari. Lakini utabangua kwanza."

Tangazo jipya aliliandika kwa mkono, kalamu ya wino mzito. Halikwenda wodini. Lilibandikwa ndani ya thieta, chini ya saa ya ukutani. DAWA YA KINGA INATOLEWA HAPA HAPA. DAKIKA 60 ZISIPITE KATI YA SINDANO NA KISU. TAJA DAKIKA, USITAJE SAA. Kabla ya kusaini aliwapa watu sita wasome, wa mwisho mlinzi wa getini. Wote walielewa kitu kimoja. Method ndiye aliyeshika ngazi wakati wa kulibandika.

Alhamisi kazi safi zilitangulia kama kawaida, tezi la shingo, kisha ngiri. Baada ya ngiri Lucia aliingia na ndoo zake mbili, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Daktari alisubiri mlangoni, mikono imeinuliwa. Dakika ishirini na tano. Hakupiga kelele.

Minza aliingizwa saa sita. Kilo kumi na saba. Dozi ilipigiwa hesabu na watu wawili, kila mmoja peke yake, zikalingana. Mtu wa usingizi alichoma kinga.

"Saa sita na dakika kumi," alisema kwa sauti.

"Unaweza kuhesabu sasa," Edina alimwambia mtoto, dawa ya usingizi ikianza kuingia.

Minza alifika thelathini na moja, akalala. Daktari Nashon alitazama saa.

"Kinga?"

"Dakika ishirini na nne zilizopita."

"Kisu," alisema.

Ijumaa ilipita. Jumamosi mtoto alikunywa maji kwa kijiko. Kuanzia hapo daktari alikuwa anauliza swali moja kila akipita: ametoa hewa? Tumbo likishafungwa, hewa ndiyo habari ya kwanza kwamba njia imefunguka, na kwa Minza ingekuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kupita kwa njia ya watu wote. Bado, Maduhu alijibu. Jumapili jioni: bado.

Jumatatu ilikuwa siku ya nne. Siku ya harufu.

Hakuna aliyewaita, lakini walikuja. Method na trei. Dionizi, aliyesema alikuwa anapita tu. Lucia mlangoni, na wodini hakuwa na kazi. Maduhu alisimama miguuni pa kitanda, ameshika kofia kwa mikono miwili. Edina alinawa, akavaa glavu, akalainisha plasta kwa maji ya chumvi, asimvute mtoto ngozi.

"Inauma?"

"Inatekenya."

Bandeji ilitoka safi. Pale palipokaa mfuko miaka sita palikuwa na mstari mmoja mwembamba, kingo zimeshikana kama mshono wa fundi anayependa kazi yake. Daktari Nashon aliinama, akabonyeza pembeni kwa shashi, upande huu, upande ule. Aliinua shashi kwenye mwanga wa dirisha. Nyeupe.

"Kavu," alisema.

Lucia alifunga tena kilemba chake, ambacho hakikuwa kimelegea.

Ndipo Method akanyanyua pua. Kisha Dionizi. Daktari alibaki ameinama vile vile, shashi mkononi, akamtazama Edina. Harufu ilikuwepo. Hakuna aliyeweza kusema haipo.

"Sio sakafu," Lucia alisema kutoka mlangoni.

"Mayu sista," Maduhu alisema taratibu. "Ni nini?"

Edina alishusha uso mpaka karibu na mshono, akavuta pumzi. Sabuni. Ngozi ya mtoto. Alikagua kingo upya, sentimita kwa sentimita, akakagua bandeji ya zamani pande zote mbili, akakagua shuka. Akainua macho, akatazama watu waliozunguka kitanda, mmoja baada ya mwingine, kama afande kweli.

Minza alikuwa amejivutia shuka mpaka machoni. Aliishusha kidogo, mdomo ukaonekana.

"Ni mimi, nimejamba."